NCHI JIRANI: MADENI YA SIRI YA MSUMBIJI



Kwa miaka mingi mtu aliyepita katika bandari ya Maputo aliweza kuziona meli za uvuvi zimefungwa gatini, moja ubavuni mwa nyingine, zikishika kutu. Meli hizo zilijengwa Cherbourg, nchini Ufaransa. Mwezi Septemba 1913 ulikuwa mbali. Ulikuwa Septemba 2013, enzi hii yetu ya darubini za angani, pale Rais wa Msumbiji wa wakati huo, Armando Guebuza, alipokwenda kiwandani huko pamoja na Rais François Hollande wa Ufaransa. Mikono ikapeanwa, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Meli zilinunuliwa ili zivue jodari. Jodari waliovuliwa hawakutosha kulipa hata riba ya fedha zilizonunulia meli zenyewe.

Si desturi ya mazungumzo haya kuwasumbua askari kwa habari za samaki. Lakini habari hii inawahusu ninyi pengine kuliko inavyowahusu wavuvi, kwa kuwa deni lililonunua meli hizo, pamoja na mengine mawili yaliyofichwa nyuma yake, lilichukuliwa kwa jina la ulinzi wa pwani. Aidha, hasira iliyojaa katika barabara za Maputo, Matola, Beira na Nampula kuanzia Oktoba 2024, ambayo askari wa nchi ile walitumwa kwenda kuizima, haieleweki vema bila ya kurejea katika deni hilo.

Hebu tulieleze jambo hili hatua kwa hatua, maana wakubwa waliolitenda walitegemea sana kwamba mwananchi wa kawaida hatalielewa.

Katika mwaka 2013 na 2014 yaliundwa nchini Msumbiji makampuni matatu. La kwanza liliitwa Proindicus, nalo kazi yake ilisemwa kuwa ni kulinda pwani kwa rada, ndege na boti za doria. La pili liliitwa EMATUM, la kuvua jodari. La tatu liliitwa MAM, la kutengeneza na kutunza vyombo vya hayo mawili. Mwenyekiti wa yote matatu alikuwa mtu mmoja, António Carlos do Rosário, ofisa mkuu katika idara ya usalama wa taifa ya nchi hiyo iitwayo SISE. Makampuni hayo hayakuwa na mtaji wala biashara ya kuonyesha. Hata hivyo yalikopeshwa na mabenki mawili makubwa ya nje, Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Proindicus ilikopa dola milioni 622, EMATUM dola milioni 850, na MAM dola milioni 535. Jumla yake ni kiasi cha dola bilioni 2, yaani karibu asilimia 12 ya pato lote la taifa la Msumbiji kwa wakati ule.

Swali la kwanza la mtu mwenye akili timamu ni hili: benki gani humkopesha mtu asiye na kitu? Jibu ni dhamana. Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alitia sahihi yake kwamba makampuni yakishindwa kulipa, serikali italipa. Sheria ya bajeti ya Msumbiji huweka kikomo cha dhamana ambayo serikali yaweza kuitoa kwa mwaka, na kikomo hicho hupitishwa na Bunge. Dhamana alizozisaini Chang zilikiruka kikomo hicho mbali kabisa, na Bunge halikuulizwa. Mkopo wa EMATUM ulijulikana, kwa sababu uliuzwa katika masoko ya nje kwa njia ya hatifungani. Mikopo ya Proindicus na MAM haikujulikana kwa Bunge, wala kwa wananchi, wala kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo serikali ilikuwa ikilipelekea hesabu zake kila mara kana kwamba hakuna kilichopungua ndani yake.

Fedha zenyewe hazikuingia Msumbiji. Mabenki yalizituma moja kwa moja kwa muuzaji wa vyombo, kampuni ya Privinvest yenye makao yake katika Falme za Kiarabu. Kutoka huko ndiko zilikotoka sehemu za rushwa. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba dola zisizopungua milioni 200 ziligawanywa kwa njia ya rushwa na mirungura kwa wanasiasa, maofisa na wafanyakazi wa benki. Mmoja wa watu wa Credit Suisse, Andrew Pearse, alikiri mwaka 2019 kwamba yeye peke yake alipokea dola milioni 45. Katika barua walizoandikiana tangu mwaka 2011, wahusika walikuwa hata na lugha yao ya mafumbo: fedha za kuwahonga wakubwa waliziita kuku, na walipopatana bei walizungumza juu ya kuku milioni 50. Mwananchi wa Gaza au Zambezia anayefuga kuku wake watano uani, ambaye mtoto wake husoma chini ya mwembe, ndiye aliyekuwa akiwalisha kuku hao bila ya kujua.

Siri hiyo ilidumu hadi Aprili 2016, ilipofichuliwa na magazeti ya nje. Shirika la Fedha la Kimataifa likasimamisha mkopo wake, na wafadhili 14 waliokuwa wakichangia moja kwa moja bajeti ya Msumbiji wakafunga mikoba yao. Kilichofuata kilimfikia kila mtu jikoni kwake. Mwishoni mwa mwaka 2014 dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa meticais zipatazo 30. Kufikia Oktoba 2016 ilikaribia 80. Bei za vitu zikapanda kwa zaidi ya asilimia 20 katika mwaka mmoja. Januari 2017 serikali ikashindwa kulipa riba ya hatifungani zake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 na Kituo cha Uadilifu wa Umma cha Maputo, kifahamikacho kwa jina la CIP, pamoja na taasisi ya Chr. Michelsen ya Norway, ulikadiria kwamba hasara yote kwa nchi ilifikia dola bilioni 11, na kwamba watu karibu milioni 2 walisukumwa katika ufukara. Deni la dola bilioni 2 limezaa hasara ya dola bilioni 11, na hiyo ndiyo hesabu ambayo hakuna mwanasiasa wa Maputo aliyependa kuisoma hadharani.

Sasa tufike mahali panapowagusa askari hasa.

Serikali ilipobanwa, ilikubali ufanywe uchunguzi na kampuni ya ukaguzi ya Kroll, na gharama zake zikalipwa na Sweden. Wakaguzi wakakuta mlango umefungwa. Kila walipouliza karatasi fulani, waliambiwa hiyo ni siri ya usalama wa taifa. Hata hivyo, muhtasari uliochapishwa Juni 2017 ulitosha. Vyombo na huduma zilizonunuliwa zilipandishwa bei kwa dola zipatazo milioni 713. Katika fedha za EMATUM, dola milioni 500 hazikuwa na maelezo. Ilidaiwa kwamba zilinunua vifaa vya kijeshi. Wizara ya Ulinzi ilipoulizwa, ilijibu kwamba haikupokea fedha hizo wala vifaa hivyo.

Kila askari anajua siri ya kijeshi ni nini. Idadi ya watu lindoni, njia ya doria, ghala ya risasi ilipo, hayo hayasemwi kilabuni wala nyumbani, na mwenye kuyasema huadhibiwa kwa haki. Siri ya namna hiyo humlinda askari mwenyewe. Lakini bei ya meli ya kuvulia samaki si siri ya kijeshi, wala akaunti ya mtoto wa mkubwa katika benki ya ng'ambo si silaha ya taifa. Hapa siri ilivaliwa kama sare iliyoibwa, na wenye sare halali ndio waliokuja kutiliwa mashaka na raia.

Wakati karatasi zikifichwa Maputo, kaskazini moto ukawaka. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, jirani kabisa na mto wetu wa Ruvuma. Agosti 2020 waliuteka mji huo pamoja na bandari yake, wakakaa humo mwaka mzima. Oktoba ya mwaka huo huo walivuka mto wakakishambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Machi 2021 wakaingia Palma. Watu karibu milioni moja walikimbia makwao katika vita hivyo. Ule mfumo wa kulinda pwani, wenye rada na boti ziendazo kasi, ambao ndio ulikuwa kisingizio cha mkopo wa kwanza, haukuuokoa mji wa pwani ulipohitaji kuokolewa. Ilibidi Rwanda ilete majeshi Julai 2021, na nchi za Kusini mwa Afrika zipeleke kikosi chao, ambamo vijana wetu wa Tanzania walikuwamo hadi kikosi kilipomaliza muda wake Julai 2024. Sababu za vita vile ni nyingi, na hatutaki kumdanganya msikilizaji kwamba deni ndilo lililovizaa. Lakini askari wa Msumbiji aliyekuwa handakini Cabo Delgado pasipo viatu vya kubadilisha alikuwa na haki ya kuuliza zilikokwenda dola bilioni 2 zilizokopwa kwa ajili yake.

Na wananchi waliuliza. Mwaka 2017 watu 2,000 walitia sahihi ombi kwa Baraza la Katiba wakitaka madeni yafutwe. Juni 2019 Baraza likatamka kwamba mkopo wa EMATUM na dhamana yake ni batili. Mei 2020 likatamka vivyo hivyo kwa mikopo mingine miwili. Huo ulikuwa ushindi wa watu wenye kalamu tu mikononi. Upande wa wanasiasa mambo yalikwenda kinyume: Aprili 2017 wabunge wa chama tawala walitumia wingi wao kuyaingiza madeni ya Proindicus na MAM katika hesabu za serikali, ingawa kamati ya Bunge lenyewe ilikwisha kusema kwamba katiba ilivunjwa. Chang, baada ya kuacha uwaziri, alikaa katika Bunge hilo hilo kama mbunge. Januari 2019 CIP ilipoanza kugawa fulana zilizoandikwa kwamba wenye kuzivaa hawatayalipa madeni yaliyofichwa, polisi walifika ofisini kwao kuzuia ugawaji. Kwa hiyo polisi, ambao mishahara yao nayo ililiwa na kuporomoka kwa metical, walipewa kazi ya kukamata fulana.

Mwizi wa kwanza hakukamatwa nyumbani. Tarehe 29 Desemba 2018 Chang alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Johannesburg, akiwa safarini kwenda Dubai, kwa ombi la Marekani. Alikaa mahabusu Afrika Kusini hadi Julai 2023, huku serikali yake ikishindana mahakamani arudishwe Maputo. Hatimaye alipelekwa New York. Agosti 2024 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 8 na nusu. Ni haki kusema pia kwamba mahakama hiyo hiyo ya New York ilimwachilia huru Jean Boustani wa Privinvest mwaka 2019, na kwamba kampuni hiyo siku zote imekana kosa. Lakini Mahakama Kuu ya London, Julai 2024, iliamua kwamba Privinvest ilimhonga Chang, ikaiamuru kuilipa Msumbiji zaidi ya dola bilioni 1.9. Credit Suisse kwa upande wake ilikubali Oktoba 2021 kulipa faini za dola zipatazo milioni 475 kwa Marekani na Uingereza, na kuisamehe Msumbiji dola milioni 200. Angalieni mgawanyo huo: aliyeibiwa amesamehewa milioni 200, waliotazama wizi wamelipwa faini zaidi ya mara mbili yake.

Nyumbani kesi ilianza tarehe 23 Agosti 2021 ndani ya hema kubwa lililopigwa katika gereza la ulinzi mkali la Maputo, mbele ya Jaji Efigénio Baptista. Wananchi waliosikiliza redioni na kutazama katika televisheni walilikumbuka hema jingine lililopigwa katika gereza hilo hilo miaka 19 nyuma, walipohukumiwa wauaji wa mwandishi wa habari Carlos Cardoso. Huyu aliuawa kwa risasi Novemba 2000 alipokuwa akichunguza wizi katika benki moja ya Maputo. Safari hii washtakiwa walikuwa 19. Desemba 2022 walitiwa hatiani 11 na wanane wakaachiliwa. Ndambi Guebuza, mwana wa rais wa zamani; Gregório Leão, aliyekuwa mkuu wa SISE; pamoja na do Rosário, kila mmoja alipata miaka 12. Rais wa zamani mwenyewe alifika kama shahidi. Filipe Nyusi, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi mikopo ilipochukuliwa na baadaye Rais kuanzia 2015 hadi 2025, hakufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Mahakama ya London iliona mwaka 2023 kwamba cheo chake kinamkinga.

Ndugu wasikilizaji, wenye umri mkubwa miongoni mwenu watasikia uchungu wa pekee. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, wakila ugali mmoja na wenyeji. Dk. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu la barua katika mji wetu tarehe 3 Februari 1969. Na Samora Machel, aliyeshika uongozi baada yake, hakuwa mtu wa kuoneana haya na wala rushwa. Novemba 1981 alisimama mbele ya umma wa Maputo akawakemea waziwazi askari, polisi na watu wa usalama waliokuwa wakiwapiga, kuwaibia na kuwafunga wananchi pasipo sheria, akaahidi kuwafukuza waliochafua vyombo hivyo. Kiongozi yule hakuwaficha watu wake makosa ya vyombo vya dola. Aliyataja kwa mdomo wake, vyombo hivyo vikiwa vinamsikiliza.

Katika hali hiyo ya kutoaminika ndipo ulipofika uchaguzi wa tarehe 9 Oktoba 2024. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema waliona mabadiliko ya matokeo yasiyo na sababu katika vituo na wilaya kadhaa. Tarehe 19 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Samora, wakili Elvino Dias, aliyekuwa akimtumikia mgombea Venâncio Mondlane, aliuawa kwa risasi katika barabara ya Maputo pamoja na mwanasiasa Paulo Guambe. Baada ya hapo nchi ikashika moto. Usiku watu walisimama madirishani wakigonga masufuria matupu. Mchana walifunga barabara na mpaka wa Ressano Garcia. Baraza la Katiba lilipomthibitisha Daniel Chapo tarehe 23 Desemba, ghasia zikazidi, na siku ya Krismasi wafungwa zaidi ya 1,500 wakatoroka gerezani. Mashirika ya kiraia yalihesabu waliokufa katika miezi hiyo kuwa zaidi ya 300, wengi wao kwa risasi za polisi. Polisi nao waliuawa, na vituo vyao vikachomwa.

Wengi wa vijana waliosimama upande mmoja wa barabara na wengi wa waliosimama upande wa pili walikulia mitaa ile ile, wakasoma shule zile zile zisizo na madawati. Aliyeshika bunduki hakujua zaidi ya aliyeshika jiwe zilikokwenda fedha. Watia sahihi wa dhamana hawakuwapo barabarani siku hiyo. Mmoja alikuwa Brooklyn akingoja hukumu. Novemba 27 gari la jeshi lilimgonga na kumpitia mwanamke mmoja mjini Maputo mchana kweupe, na jeshi likakiri na kusema kwamba limempeleka hospitali. Kukiri huko kulistahili, lakini picha ya gari lile ndiyo iliyokaa machoni mwa watu.

Machi 23, 2025 Rais Chapo na Mondlane walikutana kwa mara ya kwanza, na mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya mazungumzo ya kitaifa. Mkuu wa polisi wa kipindi cha ghasia alikwisha kuondolewa tangu Januari. Kuhusu fedha, hatifungani za jodari zilibadilishwa mwaka 2019 zikawa hati mpya za dola milioni 900, ambazo kwa makubaliano hayo malipo yake ya mwisho ni mwaka 2031. Mtoto aliyezaliwa Pemba ya Cabo Delgado mwaka ule wa 2013, meli zilipoagizwa Cherbourg, atakuwa na miaka 18, umri wa kuitwa jeshini.